Taarifa za Sajenti Chuma

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu. Huku hatujambo, ila kazi zimenizidi kimo. Nakuandikia kwa jambo la furaha. Chama cha polisi wastaafu kimekubali kituo kipya hapo mjini kwenu kiitwe kwa jina la Baba. Sherehe ni tarehe kumi Aprili. Wakubwa wa polisi watakuja, waandishi wa magazeti watakuja, nami nimeombwa nisome wasifu wake.

Hapo ndipo ninapokuhitaji. Mimi niliondoka nyumbani nina miaka kumi na tisa, na mengi ya kazi yake siyajui. Wewe umekaa naye miaka yote hii. Keti naye na kalamu, umchokonoe taratibu. Najua kumbukumbu zinamtoroka, lakini wazee ya jana husahau, ya zamani hawasahau.

Nikunong'oneze na jingine: jina langu limo kwenye orodha ya majaji wapya. Kwa hiyo wasifu uwe safi, usiwe na mikwaruzo. Watu wajue Hakimu katoka tumbo gani na kalelewa na mkono gani.

Usinipigie simu ofisini. Andika.

Kaka yako

*

12 Februari

Kaka,

Barua yako ilifika shuleni, na karani mwenzangu aliikagua bahasha mbele na nyuma kama anayenunua kitambaa. Sisi tupo. Kisukari cha Baba kimetulia kidogo, akili ndiyo hivyo tena. Unasema kumbukumbu zinamtoroka. Hazimtoroki, anatoroka yeye. Juzi aliniuliza, "Wewe mama, mume wako ni nani?" Nikamwambia, "Sina. Aliyekuja kuposa ulimfukuza wewe na mkanda." Akasema, "Vizuri."

Lakini nina habari ya kukuchekesha. Nilikaa kwenye kiti chake kile chenye mikono, daftari mapajani, nikaanza kumbembeleza: Baba, unakumbuka hiki, unakumbuka kile. Hakuna kitu. Ananitazama kama ukuta. Nikachoka, nikamkemea kwa sauti ninayowakemea nayo watoro wa shule: "Haya, eleza!"

Kaka, mzee alisimama! Yule yule ninayemshika mkono kwenda chooni. Mgongo ukanyooka, visigino vikagongana, saluti hiyo. "Afande! Taarifa!" Na taarifa ikamtoka, na saa, na tarehe, na majina ya watu waliokwisha kuzikwa. Nikaelewa kwamba ananiona mimi ni mkuu wake wa kituo. Basi nikawa mkuu wa kituo. Nimeandika kurasa kumi na moja.

Kuna mlevi aliyekuja kushtaki kuwa ameibiwa nyumba, kumbe kasahau njia ya kwake. Baba akamfungia apate pa kulala, asubuhi akamfagilisha kituo kizima. Kuna mwalimu mkuu aliyejificha ndani ya tangi la maji kumkwepa mkewe, akatolewa ameloa chapachapa na tai shingoni. Niliyaandika huku mbavu zinaniuma.

Mchana nikiwa kazini anatunzwa na mjane wa mwashi, yule mama mrefu anayekaa nyuma ya ghala. Utamkumbuka. Mumewe ndiye aliyeshikwa kwa wizi wa saruji ya zahanati, akajinyonga mahabusu, mimi nikiwa darasa la sita. Alikuja mwenyewe kuomba kazi. Nilisita, lakini anamwogesha Baba kama mtoto mchanga, na si mtu wa maneno mengi.

Mdogo wako

*

19 Februari

Mdogo wangu,

Nimecheka hadi mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Mlevi ataingia kwenye wasifu. Mwalimu mkuu mwache huko huko kwenye tangi, wajukuu zake wana vyeo siku hizi. Nitafutie mambo ya ushujaa: majambazi, moto, mafuriko, mtoto aliyeokolewa.

Ila yule mama mtafutie kazi kwingine. Sina neno naye, lakini mwenye kidonda hakabidhiwi kisu. Weka msichana yeyote, hata asiyejua kupika.

Kaka yako

*

2 Machi

Kaka,

Sikumwondoa. Nilitaka, nikachelewa, na sasa sijui.

Jumatano shule ilikosa maji, tukarudishwa nyumbani saa tano. Nilipofika barazani nikasikia sauti ya Baba, ile ya taarifa. Nikasukuma mlango wa sebuleni kidogo tu.

Mjane wa mwashi alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mikono, anamenya chungwa. Baba amesimama mbele yake, mkono kwenye paji la uso, magoti yanatetemeka. Suruali ilikuwa imelowa hadi chini. Yule mama hakuwa anafoka. Alisema polepole, kama mtu anayeulizia bei, "Rudia, Sajenti. Alipoomba dawa mara ya tatu ulimjibu nini?"

Na Baba akasema, nakuandikia kama nilivyosikia: "Nilimjibu, Afande, kwamba dawa ya pumu ni mali ya mtuhumiwa, imeandikishwa kaunta, na atarudishiwa akitoka."

"Na mara ya nne?"

"Mara ya nne hakuweza kusema, Afande. Alionyesha kwa mkono."

"Alikuwa ameiba saruji?"

"Hapana, Afande. Alikuja kituoni kwa miguu yake kuandikisha maelezo. Alikuwa juu ya ukuta wa zahanati anajenga, akaona gari la kituo limemgonga bibi aliyebeba ndoo. Akaona aliyekuwa anaendesha. Nikayachukua maelezo, nikayachana, nikamfungulia jalada la saruji. Nilikusudia akae siku tatu, alegee, asahau alichokiona. Siku ya tatu alfajiri nilimkuta ameshapoa. Nikamvua shati, nikalifunga kwenye nondo za dirisha, nikamwinua."

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Kijana wangu, Afande."

Nilitarajia yule mama atapiga kelele. Alikula kipande cha chungwa. Akasema, "Rudia tangu mwanzo." Nikajua hiyo si mara ya kwanza wala ya kumi.

Nilipoingia hakushtuka. Tulimkalisha Baba pamoja, tukambadilisha nguo, kila mmoja mguu wake. Kisha akaniambia, "Miaka thelathini na mmoja, mwanangu, watu wananiita mke wa mwizi aliyejinyonga. Watoto wangu hata uani kwa watu hawakuruhusiwa kucheza." Akafunga kanga yake vizuri, akauliza, "Kesho nije, nisije?"

Nikamwambia, "Njoo."

Kaka, Baba ana kijana mmoja tu. Niandikie.

Mdogo wako

*

7 Machi

Dada,

Nimesoma barua yako mara moja, nikaichoma. Fanya hivyo hivyo na daftari lako.

Maneno ya mgonjwa wa akili si ushahidi. Nimeyatupa mengi kama hayo nikiwa kwenye kiti changu, hata ya watu wenye mawakili hodari, sembuse ya yule mama. Mtu aliyesimamishwa hadi akajikojolea atakiri hata kwamba aliiba mwezi. Ninachokiona mimi ni mzee anayeteswa ndani ya nyumba yake na mfanyakazi, huku binti yake amesimama mlangoni anatazama. Hilo ndilo lenye kifungu cha sheria, ukitaka tuzungumze sheria.

Nakukumbusha pia kwamba nyumba unayolala iko kwa jina langu. Sijawahi kukutajia, na nisingependa kukutajia tena.

Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Nakuja Jumamosi. Siku hiyo yule mama asiwepo.

Kaka yako

*

21 Machi

Kaka,

Ulimwambia nini?

Ulikuja, hukunywa hata chai. Ulimletea viatu vyeusi vya sherehe, ukamvisha mwenyewe, nikaona vinaingia kwa shida, ukasema vitalegea. Kisha ukafunga mlango, mkakaa naye robo saa. Ulipotoka ulinibusu shavuni, na hukuwa umenibusu tangu tumzike Mama. Ukaondoka.

Tangu Jumamosi ile Baba hajatamka neno. Nilidhani amekasirika. Kisha nikadhani ni kiharusi, nikamwita mganga wa zahanati; akampima ulimi, akampima macho, akasema mzee ni mzima. Haombi maji. Nisipomkumbuka hanywi. Haombi kwenda haja, nakuta kitanda kimelowa. Juzi nilimpa chai ya moto kupita kiasi bila kujua, akaimeza yote. Machozi yanatiririka mashavuni na midomo ameifumba kama mtoto anayekataa dawa.

Nikakaa kwenye kiti. Nikasema, "Haya, eleza!" Akasimama, akapiga saluti, akanitazama usoni, kimya. Mjane wa mwashi naye akajaribu. Saluti, kimya. Yule mama alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Akasema, "Kumbe yupo mwenye cheo kuliko mimi."

Ndiyo, bado anakuja. Mimi nina kazi, na hakuna mwingine anayekubali kuosha mtu mzima. Tena amekuwa mpole kwake siku hizi.

Mdogo wako

*

27 Machi

Mdogo wangu,

Usifanye sindano kuwa jembe. Nilikaa kwenye kiti chake, nikamwambia: "Sajenti, jalada limefungwa. Hutazungumza na mtu yeyote kwa jambo lolote mpaka upate amri yangu." Akajibu, "Ndiyo, Afande." Basi. Umesahau tu jinsi Baba alivyokuwa mtiifu kazini.

Ungetaka afungue kinywa mbele ya mkuu wa polisi na waandishi? Baada ya sherehe nitamfungulia kwa maneno mawili.

La gari nitalisema mara moja tu. Nilikuwa kijana, barabara ilikuwa na vumbi, bibi alitokea ghafla. Baba aliniambia nipande basi niende kwa shangazi, mengine nimwachie yeye. Nikamwachia. Huyo mwashi mimi sikumgusa hata kwa ukucha.

Kaka yako

*

13 Aprili

Kaka,

Wasifu uliusoma vizuri, sina la kusema. Mlevi aliwavunja watu mbavu. Uliposema "mtu ambaye mlango wake haukufungwa kwa mnyonge", mjane wa mwashi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Baba, amemshikia mwavuli. Alipiga makofi kuliko wote.

Na Baba akaketi pale saa nne nzima, amevaa viatu ulivyomletea, bila kusema kitu. Mkuu wa polisi alimpa mkono akamuuliza, "Mzee, una neno la kuwaambia vijana?" Akapiga saluti. Uwanja mzima ukasimama. Wakasema, tazameni unyenyekevu wa watu wa zamani. Mwandishi mmoja alilia.

Nilikutafuta baada ya hapo. Dereva wako akasema una kesi asubuhi. Kaka, ulisema maneno mawili. Ulipita hatua tatu kutoka kwenye kiti chake.

Amekonda. Usiku namsikia anahema kwa pua, kama mtu aliyezibwa mdomo. Njoo umfungulie. La gari sitaliuliza tena, daftari nimelichoma kama ulivyotaka, nyumba chukua. Njoo tu useme hayo maneno mawili. Mimi nimeyasema, "Jalada limefunguliwa", hadi koo limekauka, hayana nguvu mdomoni mwangu.

Mdogo wako

*

19 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeteuliwa. Kiapo ni tarehe mbili Mei.

Yule mwandishi aliyelia anataka kwenda kumhoji Baba. Nimemwambia mzee si msemaji. Unaona mwenyewe huu si wakati wa kumfungulia. Amevumilia mwezi, atavumilia wiki mbili. Mpe maji kwa saa, mpeleke haja kwa saa, kama jeshini. Nitakuja tarehe sita nikiwa na nafasi.

Kaka yako

*

6 Mei

Jaji,

Hongera.

Baba alifariki jana saa nane mchana, hospitalini. Kama umeianza safari ya leo, barua hii utaikuta ukirudi, lakini nataka uwe nayo kwa maandishi.

Jumapili alichemka mwili, macho yakageuka. Nilipomvua soksi kumpoza miguu, kisigino cha kushoto hakikuwepo. Kilikuwa kitu cheusi, na harufu yake sitaiandika. Daktari alisema kidonda kilianza kwa kubanwa na kiatu, kikakutana na kisukari, kikapanda hadi kwenye damu. Alisema ni cha wiki tatu na zaidi. Alisema maumivu yake ni ya kumfanya mtu mzima alie barabarani. Akaniuliza, "Hakulalamika?"

Nikamwambia hapana, hakulalamika.

Nilikuwa namfunika blanketi kila usiku, Kaka. Nilikuwa namfunika hadi miguuni.

Mdogo wako

*

11 Juni

Kwa Mheshimiwa Jaji,

Usishangae mwandiko. Naandika mwenyewe. Nilijifunza ukubwani ili niandike barua za kuulizia jalada la mume wangu, na niliandika nyingi, kwa wakubwa wengi. Hii ndiyo ya kwanza ambayo sihitaji majibu yake.

Mazishini ulinishika mkono, ukanishukuru mbele za watu, macho yako yakitazama bega langu. Nikaona tusiachane hivyo.

Sikuja kwenu na mpango. Nilisikia Sajenti Chuma sasa anafutwa makamasi, nikataka nimtazame akizeeka, basi. Mambo ya taarifa aliyaanza yeye. Siku ya kwanza nilikaa kwenye kile kiti nipumzike baada ya kupiga deki, nikamwambia, "Simama nikubadilishe." Akasimama, akaanza kutoa taarifa. Mume wangu alikuwa kwenye taarifa ya pili.

Ulipomfunga mdomo nilikasirika siku moja. Siku ya pili nikaona umenipa zawadi.

Jioni ya sherehe mimi ndiye niliyemvua vile viatu. Kisigino kilikuwa na lengelenge limepasuka, dogo kama punje ya hindi. Nilibonyeza kwa kidole gumba. Machozi yakamtoka, mdomo haukufunguka. Nikamuuliza, "Sajenti, inauma?" Akanitazama, Mheshimiwa. Naapa siku ile alikuwa ananijua mimi ni nani. Hakuniona afande, aliniona mke wa mwashi. Akafumba midomo zaidi.

Nikamvisha soksi safi.

Kila asubuhi nilivua, nikatazama, nikavisha. Siku ya tano kilikuwa kama sarafu. Siku ya kumi ningeweza kuingiza kidole. Nilipaka poda, nilifungua madirisha, nilichoma majani ya mkaratusi uani nikamwambia dada yako ni kwa ajili ya mbu. Siku ya kumi na nne alinishika mkono. Hakusema, alionyesha mguu kwa kidole. Nilijua hiyo ni mara yake ya nne kuniomba, maana nilikuwa nazihesabu. Nikamwambia, "Subiri, Sajenti." Ningetamka neno moja kwa dada yako angepelekwa hospitali siku ile ile, na daktari alisema angeletwa wiki moja mapema angepona. Sikulitamka.

Dada yako hajui. Wewe sasa unajua. Ukitaka kunishtaki, njia unazifahamu kuliko mimi, na nitakubali kila kosa kwa mdomo wangu, sitaweka wakili. Nitakachoomba ni kimoja tu, uje uieleze mahakama mgonjwa alinyamaza kwa amri ya nani, na amri hiyo ilikuwa ya kuficha nini. Nitasubiri. Kusubiri mimi ni fundi.

Nilidhani akifa nitapata usingizi. Bado.

Dada yako huja kwangu kila jioni akitoka kazini. Anajilaumu. Anasema yeye ndiye aliyemuua baba yake kwa kutovua soksi. Analia hadi anapaliwa, nami namshika mgongo, nampikia chai, namwambia kazi ya Mungu haina makosa. Jana alinibusu mkono, akanishukuru kwa jinsi nilivyomtunza baba yake hadi dakika ya mwisho.

Nimemwambia leo aje mapema, tule pamoja.

Mjane wa mwashi